Mshale wa joto usiopanda: jinsi ya kujua kama injini ni baridi kweli au geji inadanganya

Mwezi wa Julai Arusha huamka katika baridi ya nyuzi 12 hivi, na dereva anayeteremka kutoka Ngaramtoni kuelekea mjini hashangai akiona mshale wa joto unachelewa kuondoka kwenye herufi C. Kinachopaswa kumshangaza ni kuukuta mshale palepale anapofika Tengeru, au kuuona ukipanda gari linapokwama kwenye foleni na kuanguka tena mara tu barabara inapofunguka. Wengi hulichukulia jambo hilo kuwa neema, kwa sababu tumezoea kuogopa gari linalochemsha, na gari lisilochemsha tunalihesabu kuwa zima. Mimi mwenyewe niliendesha hivyo kwa miezi mitatu baada ya kununua gari lililokwishatumika, huku nikilaumu petroli kwamba inaisha upesi, mpaka fundi aliyewahi kulishughulikia gari hilo aliponiambia bila wasiwasi wowote: "Mzee, themostati niliitoa zamani. Huku kwetu nchi ya joto, kile kidude kinaziba maji tu."

Themostati ni vali inayofunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Maneno ya fundi yule utayasikia katika gereji nyingi, na hayana ukweli hata kwa Dar es Salaam, sembuse kwa mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini nyingi za petroli zimeundwa kufanya kazi maji yake yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95. Yakibaki kwenye 60, kompyuta ya gari huamini kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa na huendelea kuongeza mafuta; petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini; gia otomatiki huchelewa kuingia gia ya juu; na unyevu ambao ungefukizwa na joto hubaki ndani, ukatengeneza utando mweupe wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Utando huo umewahi kuwafanya watu wafungue silinda hedi kwa kudhani gasketi imekufa, ilhali ugonjwa ulikuwa injini isiyopata joto.

Hata hivyo, mshale ulio chini hauthibitishi kwamba injini ni baridi. Unaonyesha tu kile ambacho sensa, waya na geji vimekubaliana kukuambia. Kwa hiyo kazi yote inayofuata inazunguka swali moja, ambalo ni lazima lijibiwe kabla ya kununua spea yoyote: je, injini ni baridi kweli, au geji inadanganya?

Anza na maji, na anza leo

Kuna hali moja ambayo mshale ulio chini ni hatari kuliko ulio juu, nayo ni ya maji kupungua. Sensa hupima joto la maji yanayoigusa. Maji yakishuka chini yake, sensa hubaki ikining'inia kwenye hewa au mvuke, na mshale unaweza kuonyesha ubaridi wakati chuma cha injini kinaungua. Ndiyo maana mshale uliokuwa umepanda kisha ukaanguka ghafla njiani, hasa ukifuatana na hita kuanza kutoa upepo wa baridi au harufu tamu ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta), ni amri ya kuegesha na kuzima injini hapo hapo.

Ukaguzi wenyewe hufanywa asubuhi injini ikiwa imelala usiku kucha. Usifungue kifuniko cha rejeta yenye joto hata kwa kitambaa kinene. Maji yaliyo chini ya mgandamizo hububujika yanapopata upenyo, na katika miinuko yetu hilo hutokea mapema zaidi, kwa kuwa maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi Arusha na karibu 97 Moshi mjini. Tazama rejeta yenyewe, usiishie kwenye tangi la akiba. Tangi linaweza kuwa limejaa hadi alama ya juu huku rejeta ikiwa na pengo la lita mbili, kwa sababu mpira mwembamba unaoviunganisha umepasuka au kifuniko hakivuti tena. Ukikuta pengo, jaza, kisha tafuta maji yalikokwenda kabla ya kuendelea na hatua nyingine yoyote ya mwongozo huu.

Kujua joto lenyewe

Njia nyepesi kuliko zote ni hita. Endesha kwa dakika 15, kisha ifungue kwenye joto la juu kabisa. Upepo unaokufanya uondoe mkono maana yake ni kwamba maji yana moto, na geji ndiyo ya kutiliwa shaka; upepo wa uvuguvugu maana yake injini haijapata joto, au maji hayafiki kwenye hita. Kwetu Kaskazini hita hutumika angalau kwa miezi miwili ya mwaka, kwa hiyo si ajabu kwamba mtu wa kwanza kulalamika huwa abiria wa asubuhi.

Njia ya pili ni mipira miwili ya rejeta. Washa injini ikiwa baridi, uiache ingurume bila kukanyaga mafuta, na uguse mipira hiyo kila baada ya dakika moja, ukikaa mbali na feni, ambayo ikiwa ya umeme huweza kuanza bila kukuonya. Themostati nzima hufunga njia ya rejeta, kwa hiyo kwa dakika kadhaa joto hubaki ndani ya injini, na mpira wa chini hukaa baridi kabisa. Njia inapofunguka, utahisi joto likiingia kwenye rejeta kwa mara moja. Mipira yote miwili ikianza kupata uvuguvugu pamoja, polepole, tangu dakika za mwanzo, maji yanazunguka bila mlinzi. Kama gari lako lina kifuniko juu ya rejeta, unaweza hata kuliona jambo hilo kwa macho: kifungue kabla ya kuwasha, washa, na utazame shingoni. Mara nyingi maji yanayotiririka kwa nguvu wakati injini bado ni baridi ni ushahidi kwamba themostati imekwama wazi au haipo.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu haina ubishi. Vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, vinavyoongea na simu kwa bluutuuthi, sasa vinapatikana mjini, na fundi umeme yeyote anayejiheshimu ana mashine ya kupimia. Kisome kifaa asubuhi kabla ya kuwasha injini: joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini vinapaswa kukaribiana, kwa kuwa gari zima limelala katika baridi ileile. Kimoja kikisema 13 na kingine 35, sensa mojawapo ni mgonjwa. Ikiwa vinakubaliana, endesha na utazame namba ikipanda. Ikitulia karibu na 85 hadi 95 huku mshale ukilala kwenye C, tatizo liko kati ya sensa ya geji na dashibodi. Ikikwama kwenye 60 au 70 pamoja na mshale, injini ni baridi kweli. Ikionyesha hasi 40, usiogope kwamba umeamka kileleni Kibo. Hiyo ndiyo namba ambayo kompyuta nyingi huonyesha waya wa sensa ukikatika au soketi ikiachia, na mara nyingi huambatana na kosa P0118. Kosa P0128, kwa upande wake, hutokea kompyuta inapoona maji yamechelewa mno kufikia joto la themostati. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayakubali kusomwa na vifaa hivi vya simu, na kwa hayo utarudi kwenye hita na mipira.

Wapo waliojaribu kutumia kile kipimajoto cha paji la uso kilichoenea wakati wa Uviko. Hakifai. Kimetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu na hukataa kusoma kitu cha nyuzi 80. Cha viwandani chenye umbo kama hilo kinafaa, mradi ukilenge kwenye nyumba ya themostati yenyewe, mahali palipo na chuma kisichong'aa.

Neno kuhusu barabara utakayotumia kupima. Kutoka Arusha kwenda Moshi unashuka mita mia kadhaa, na kwa sehemu kubwa injini hufanya kazi kidogo, kwa hiyo gari lenye themostati mbovu litaonyesha ubaridi zaidi ukielekea Moshi kuliko ukirudi. Nimeona mtu aliyeambiwa Moshi kwamba gari lake ni bovu, akarudi hadi Usa River mshale ukiwa nusu, akadhani limejiponya. Pima kwenda na kurudi. Ukiweza, chagua kipande ambacho utashika mwendo wa kilomita 80 kwa dakika kumi mfululizo, kazi ngumu kidogo katika barabara yenye alama ya 50 kila kijiji.

Kuhusu magari madogo yasiyo na mshale kabisa, kama vile Vitz na Passo za matoleo ya karibuni, yenyewe hutumia taa ya bluu. Taa hiyo ikikawia kuzimika kupita dakika kumi za kuendesha, au ikizimika kisha ikarudi ukiwa katika mwendo, ichukulie sawa na mshale uliolala. Vilevile ujue kwamba geji nyingi za kisasa zimetulizwa kwa makusudi: mshale hukaa katikati maji yakiwa popote kati ya nyuzi 75 na 105 hivi. Kwa geji ya namna hiyo, mshale ulioshuka chini ya nusu unaeleza upungufu mkubwa zaidi kuliko unavyoonekana.

Injini ikiwa baridi kweli

Hapa mshukiwa ni mmoja, na wengine ni wasindikizaji. Utaambiwa kwamba feni inazunguka muda wote kwa sababu fundi aliiunganisha moja kwa moja na betri, na huenda ni kweli, maana dawa hiyo ya mkato ni ya kawaida mno. Lakini themostati nzima hufunga njia maji yanapopoa, na feni ikabaki kupuliza rejeta ambayo haipati maji ya moto. Feni ya moja kwa moja hula umeme na kuchelewesha joto la asubuhi, nayo inastahili kurekebishwa, ila haiwezi peke yake kuiweka injini kwenye nyuzi 60 barabara nzima. Fungua nyumba ya themostati.

Subiri injini ipoe, toa maji kwa kufungulia koki ya chini ya rejeta, na uyapokee kwenye beseni. Kulanti ni tamu na ni sumu, kwa hiyo isiachwe mahali ambapo mbwa au mtoto ataifikia, wala isimwagwe mferejini. Nyumba ya themostati hufuatwa kwa kushika mpira: kwa injini nyingi iko mwisho wa mpira wa juu, na kwa nyingine nyingi, zikiwemo za Toyota, iko mwisho wa mpira wa chini karibu na pampu ya maji. Ukifungua ukakuta patupu, utafiti umekwisha. Ukiikuta, ishike kwenye mwanga: kiziba chake kikiwa na mwanya unaoona mwanga wakati chuma ni baridi, imekwama wazi, na hakuna haja ya kuwasha jiko. Angalia pia mpira unaoizunguka, kwa sababu themostati mpya iliyofungwa bila mpira wake hupitisha maji pembeni na kuleta dalili zilezile, na mtu akaapa kwamba spea aliyouziwa ni feki.

Ikiwa imefunga vizuri, ipime jikoni, katika sufuria ambayo haitapikiwa tena. Ining'inize kwa waya ndani ya maji isiguse kitako, ning'iniza kipimajoto kando yake, na pasha polepole. Namba iliyochongwa kwenye themostati, mara nyingi 82 au 88, ni joto linapoanza kufunguka, na kufunguka kabisa, yaani kiziba kuinuka kiasi cha milimita 8 au zaidi, hutokea nyuzi kumi na kitu baadaye. Hapa ndipo miinuko yetu inapowapotosha watu wanaofuata vitabu neno kwa neno. Themostati ya 82 hufunguka yote kwenye 95 hivi, na maji ya sufuria ya Arusha hukoma kupanda hapohapo. Ya 88 inataka karibu 100, joto ambalo sufuria iliyo wazi mjini Arusha haitafika hata ukichochea mkaa hadi jioni. Kwa hiyo ya 88 ikifunguka nusu tu jikoni kwako, usiitupe. Kwa ugonjwa wetu wa leo kinachotakiwa ni kwamba ianze kufunguka karibu na namba yake, isiwe mapema kwenye 65, na kwamba ukiitoa kwenye maji ifunge yote bila kubakiza mwanya.

Unaponunua nyingine, nunua yenye namba ileile iliyoandikwa kwa injini yako, pamoja na mpira wake. Themostati iliyotumika sikushauri kuinunua hata kwa bei ya soda. Wakati wa kufunga, kitundu chenye kipini kidogo kinachochezacheza kielekezwe juu, kwa sababu ndiko hewa inakotokea maji yanapojazwa.

Geji ikiwa ndiyo inayodanganya

Kwanza tazama jirani yake, geji ya mafuta. Zote mbili zikisoma chini kwa wakati mmoja, hasa kwenye magari ya zamani, acha sensa na uende kwenye fyuzi iliyoandikwa GAUGE, waya wa ethi wa dashibodi (unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari), na kifaa cha kutuliza umeme wa geji. Geji ya joto ikiwa peke yake, shuka kwenye injini.

Magari mengi ya miaka ya nyuma yana sensa mbili. Yenye waya mmoja hulisha geji. Yenye waya mbili hulisha kompyuta. Tofauti hii hueleza mengi bila kifaa chochote: ikiwa ya kompyuta ndiyo mbovu na inadai injini ni baridi, utaona moshi mweusi, harufu ya petroli na mnguromo wa juu hata gari likiwa limepata moto; ikiwa ya geji ndiyo mbovu, gari litaendeshwa vizuri kabisa na mshale pekee ndio utakaolala. Katika magari mapya sensa moja hufanya kazi zote mbili na geji hupewa taarifa na kompyuta, kwa hiyo jaribio linalofuata lisifanywe kwenye hayo.

Kwa sensa ya waya mmoja, chomoa soketi yake, weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini, na unganisha ncha ya waya huo na chuma cha injini kupitia taa ndogo ya wati 3.4, ambayo kazi yake ni kuikinga geji. Mshale unapaswa kupanda kuelekea H. Ukishaanza kusogea, ondoa waya, usiuache ugonge mwisho. Ukipanda, geji na waya ni vizima, na lawama ni ya sensa au ethi yake. Usipopanda, fuatilia waya kurudi dashibodini, ukianzia pale unapopita karibu na chuma chenye moto na pale ambapo mtu aliwahi kuunganisha redio au alamu.

Kabla ya kununua sensa, angalia jinsi ya zamani ilivyofungwa. Sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia nyuzi zake za skrubu, na fundi aliyeizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba ili isivuje anaweza kuwa amekata njia hiyo ya umeme bila kujua. Nimeona mshale ukirudi nusu kwa kutoa tepu tu na kusafisha nyuzi kwa brashi ya waya. Sababu nyingine ya kawaida ni sensa ya gari jingine: nyuzi zinaingia, soketi inashika, lakini ukinzani wake haulingani na geji, na mshale unasoma chini kila siku kwa uaminifu mkubwa.

Ukinzani unaweza kuupima kwa mita ya umeme. Sensa hizi hupunguza ukinzani joto linapopanda. Ile ya kompyuta kwenye Toyota nyingi husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 na omu 200 hadi 400 kwenye 80. Ya geji huwa chini ya hapo sana, na namba zake hutofautiana kwa kila aina ya gari. Jambo la kutazama ni mwenendo: ukiitumbukiza ncha yake kwenye maji yanayopashwa, namba ishuke mfululizo bila kurukaruka. Inayobaki juu maji yakichemka haifai.

Kujaza na kutoa hewa

Egesha gari pua ikitazama mlimani. Arusha na Moshi hazina uhaba wa miteremko. Fungua hita hadi mwisho, jaza polepole mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri, ila uhakikishe hujauziwa asidi. Maji ya bomba na ya visima vyetu vya chini ya Meru yana madini mengi, na madini hayo huganda ndani ya rejeta. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, bonyezabonyeza mipira, na uendelee kuongeza mapovu yanapotoka, mpaka themostati ifunguke na kiwango kishuke ghafla. Ongeza mara ya mwisho, zima, funga kifuniko chenye namba ileile ya mwanzo, iwe 0.9 au 1.1.

Asubuhi inayofuata fungua tena injini ikiwa baridi. Upungufu wa kikombe kimoja au viwili ni hewa iliyotoka usiku, jalizia. Ukikuta upungufu kama huo siku ya tatu, laza karatasi ngumu chini ya injini usiku kucha na utazame tone limeanguka upande gani.